Kumfundisha mzungumzaji wa Kihispania maneno ya Kiingereza ya kila siku: mwongozo kwa mwalimu wa mtandaoni

Wapo Waafrika Mashariki wanaojipatia riziki kwa kufundisha Kiingereza kwa simu ya video, na wanafunzi wengi wanaowapata wako Amerika ya Kilatini au Uhispania. Mimi nimo katika kazi hiyo, na haya nayaandika kwa mwenzangu anayeanza. Ukishika jambo moja tu, mengine yote yatakuja kwa urahisi: mzungumzaji wa Kihispania tayari anayo maneno makubwa ya Kiingereza. Yanayomshinda ni yale madogo ya jikoni, barabarani na chumbani.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa Medellín, Kolombia, mhasibu. Ripoti ya ofisini aliisoma bila kukwama: "significant", "obligation", "financial", yote yalimtoka sawasawa. Nikamwomba anieleze asubuhi yake tangu alipofumbua macho. Akakwama kwenye mto wa kulalia. Akakwama kwenye shuka, kwenye sinki, kwenye ufagio. Mwisho akaniambia kwamba alikwenda "to eliminate the residues", yaani alitoa takataka nje. Kisarufi sentensi haina kosa, lakini hakuna anayeongea hivyo nyumbani kwake. "Take out the trash" lilikuwa na maneno manne mepesi, na hakuwa na hata moja la kuanzia.

Sababu iko kwenye historia. Kiingereza ni lugha ya jamii ya Kijerumani, lakini mwaka 1066 Wanormandi walivuka kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa, kilichozaliwa na Kilatini, kikawa lugha ya mahakama, ikulu na wakubwa. Wasomi nao wakaongeza Kilatini. Ndiyo maana maneno rasmi ya Kiingereza yana asili ya Kilatini kama Kihispania chenyewe, ilhali maneno ya watu wa kawaida, ya kula, kulala na kuamka, yalibaki ya Kijerumani. Mwanafunzi wako anaingia kwenye Kiingereza kwa mlango wa ikulu. Kazi yako ni kumleta jikoni.

Hatua ya 1: Jua anakotoka na anakokitumia Kiingereza

Kihispania kina nchi zipatazo ishirini, na vitu vya kila siku ndivyo vinavyobadilika majina. Basi ni "autobús" kwa Mhispania, "camión" Meksiko, "guagua" Kuba, "colectivo" Ajentina. Kompyuta ni "ordenador" kule Uhispania, na "computadora" au "computador" ng'ambo ya Atlantiki. Parachichi ni "aguacate" Meksiko na "palta" Peru na Chile. Kwa hiyo usichukue orodha ya tafsiri ya mtu wa Madrid ukampa mtu wa Lima. Muulize yeye mwenyewe nyumbani kwao kitu hicho wanakiitaje, kisha andika jibu lake kwenye kadi.

Muulize pia ni mahali gani patatu anapohitaji kuongea Kiingereza. Asikujibu "kazini" tu. Kazini wapi: mapokezi ya hoteli, ghala, simu za wateja, jiko la mgahawa? Hapo ndipo msamiati wa mwezi wa kwanza utakapotoka.

Na saa zenu mzipange mapema. Saa moja jioni ya Bogotá ni saa tisa usiku wa manane kwetu. Saa moja jioni ya Madrid ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira. Walimu wengi huchagua wanafunzi wa Uhispania kwa sababu hiyo tu, na si sababu mbaya.

Hatua ya 2: Mwonyeshe alichonacho, somo moja tu

Somo la kwanza lote mpe furaha. Maneno ya Kihispania yanayoishia na "-ción" kwa kawaida huishia na "-tion" katika Kiingereza: "información" ni "information", "educación" ni "education". Yanayoishia na "-dad" huwa "-ty": "posibilidad", "possibility". Yenye "-mente" huwa "-ly": "normalmente", "normally". Ndani ya saa moja atakuwa na mamia ya maneno, na atatoka kifua mbele.

Mwonye tu kwamba kanuni hizi zina mashimo. "Traducción" si "traduction", ni "translation". "Canción" ni "song", na "habitación", chumba, ni "room". Utaona mwenyewe: mashimo mengi yapo pale neno linapokuwa la nyumbani.

Baada ya hapo, usirudi huko. Nimeona walimu wakikaa kwenye "-tion" mwezi mzima kwa sababu mwanafunzi anajibu haraka na kila mtu anafurahi. Hajifunzi kitu. Anakuonyesha Kihispania chake tu.

Hatua ya 3: Jenga orodha ya maneno mafupi

Ipo orodha ya bure iliyotolewa mwaka 2013, New General Service List, yenye maneno takriban 2,800. Watungaji wake walikokotoa kwamba yanafunika asilimia 92 hivi ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza. Ipo pia orodha ndogo ya mazungumzo, maneno kama 700, yenye kufunika karibu asilimia 90 ya maongezi ya kila siku. Ipakue hiyo ndogo. Pitia ukifuta kila neno ambalo mzungumzaji wa Kihispania angelitambua kwa macho. Yanayobaki ndiyo mtaala wako.

Lakini usimfundishe kwa mpangilio wa orodha. Mfundishe kwa mpangilio wa siku yake. Mwambie ageuze kamera akuonyeshe jiko, na kila anachokigusa mkitaje: "spoon", "fork", "knife", "broom", "sink", "shelf". Hakuna hata kimoja kinachofanana na "cuchara", "tenedor", "cuchillo", "escoba". Kesho yake chumbani, keshokutwa kwenye ngazi za jengo lao hadi barabarani. Maneno kumi kwa somo yanatosha. Ukimpa thelathini atakumbuka manne, tena si yale uliyoyataka.

Kila neno liingie ndani ya sentensi anayoweza kuisema leo. Asiandike "sink: lavaplatos". Aandike "The plates are in the sink", kwa sababu sahani kweli zimo.

Kisha mpe jozi za maneno, upande mmoja neno analolijua, upande wa pili lile linalosemwa na watu. "Enter" ni "come in". "Descend" ni "go down". "Return" ni "come back". "Discover" ni "find out". "Postpone" ni "put off". "Extinguish", kuzima moto, ni "put out". "Tolerate" ni "put up with". Zoezi ninalolipenda ni hili: mwache asimulie kwa maneno yake makubwa, uyaandike kwenye skrini, kisha mrudie sentensi moja moja mkiyashusha. Haoni aibu, kwa sababu alianza na kitu sahihi, na anaona kwa macho yake njia kutoka kule hadi huku.

Hatua ya 4: "Get", kwa wiki mbili

Neno hili nalipa muda kuliko jingine lolote. Mwanafunzi hulikwepa kwa sababu halina tafsiri moja, na akilikwepa hataelewa maongezi ya kawaida hata awe na diploma. "Get home" ni kufika nyumbani, "get a letter" ni kupokea barua, "get on the bus" ni kupanda basi, "get off" ni kushuka, "get up" ni kuamka, "get rid of" ni kuachana na kitu au kukitupa.

Usimpe maana ishirini siku moja. Anzia kwenye vitenzi vyake vya "-se". Kihispania kina vitenzi vingi vya kujirejea vinavyoonyesha mtu anaingia katika hali fulani, na vingi katika hivyo Kiingereza huvitia "get": "cansarse" ni "get tired", "enojarse" ni "get angry", "perderse" ni "get lost", "casarse" ni "get married", "vestirse" ni "get dressed". Mwanafunzi akiliona hili, uso hubadilika, maana ghafla "get" lina mahali pa kukaa kichwani mwake. Wiki ya pili ndipo mwingie kwenye basi na nyumbani.

Hatua ya 5: Tumia Kiswahili chako kutabiri makosa

Hapa tuna faida ambayo mwalimu wa London hana. Kihispania na Kiswahili vinafanana mahali pengi pasipotarajiwa, na vinapofanana, kosa la mwanafunzi wako ni lile lile ulilolifanya wewe au mdogo wako shuleni.

Sisi tuna njaa, tuna kiu, tuna haraka, tuna usingizi, tuna miaka ishirini. Wao pia: "tengo hambre", "tengo sed", "tengo prisa", "tengo sueño", "tengo veinte años". Kwa hiyo atasema "I have hunger" na "I have twenty years". Unajua kosa limetoka wapi, na unajua dawa yake: sentensi sita za "I am hungry, I am thirsty, I am twenty" zisemwe kwa sauti kila mwanzo wa somo mpaka ziote mizizi.

Saa ya ukutani na saa ya mkononi kwetu ni saa, kwao "reloj". Kiingereza kinataka "clock" na "watch". Kidole cha mkono na cha mguu kwetu ni kidole, kwao "dedo". Kiingereza kinataka "finger" na "toe". Hata neno letu "yake" halijali kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, na "su" ya Kihispania vivyo hivyo, ndiyo maana utasikia "my sister and his husband".

Pengine Kiswahili kinakusaidia kwa njia nyingine. Kihispania kina "decir" moja kwa "say" na "tell", na mwanafunzi atasema "he said me". Kwako tofauti hiyo iko wazi: kusema na kuambia. Huwezi kuambia bila kuwepo wa kuambiwa, na "tell" ndivyo ilivyo: "tell me", "tell her". Kanuni hiyo mpe hivyo hivyo kwa maneno mepesi, ataishika.

Mengine ni yao peke yao, na yanahitaji jozi zake. "Esperar" ni kungoja, kutumaini na kutarajia kwa pamoja, wakati Kiingereza kinatenga "wait", "hope" na "expect". "Ganar" ni kushinda na pia kupata mshahara, hivyo atakuambia "I win little money in my job", na mwajiri wa Kiingereza atadhani anacheza kamari. "Hacer" hugawanyika kuwa "make" na "do", na hapo hakuna kanuni ya kuaminika. Afundishwe kwa vifungu vizima: "make the bed", "make a call", "do homework", "do the shopping".

Hatua ya 6: Maneno danganyifu

Haya ni maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Usimpe orodha ya mia. Mpe yale ya kila siku, na kila moja alione ndani ya kosa lake: "ropa" ni nguo, "rope" ni kamba. "Sopa" ni supu, "soap" ni sabuni. "Carpeta" ni faili, "carpet" ni zulia. "Librería" ni duka la vitabu, "library" ni maktaba. "Largo" ni ndefu, "large" ni kubwa. "Parientes" ni ndugu na jamaa wote, "parents" ni baba na mama tu. "Asistir" ni kuhudhuria, "assist" ni kusaidia. "Éxito" ni mafanikio, "exit" ni mlango wa kutokea. "Embarazada" ni mjamzito, "embarrassed" ni mwenye aibu. "Actualmente" ni kwa sasa, "actually" ni kwa kweli.

Wenye kazi za fedha waonye juu ya "billón": kwa Kihispania ni milioni ya milioni, wakati "billion" ya Kiingereza, kama bilioni yetu, ni milioni elfu moja.

Yale ya hospitali yape somo lake peke yake, na usiyafanyie mzaha. Huko Uhispania "constipado" ni mtu mwenye mafua. "Constipated" ni aliyefunga choo. Na kuna tukio la mwaka 1980 huko Florida ambalo wakalimani wengi wa tiba nchini Marekani hufundishwa. Kijana wa miaka 18 alipelekwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake, Wakuba, walimwelezea kwa neno "intoxicado", wakimaanisha kwamba amedhurika na kitu alichokula. Wahudumu wakasikia "intoxicated", wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na kesi iliisha kwa makubaliano ya fidia iliyokadiriwa kufikia takriban dola milioni 71. Ninalisimulia kwa kila mwanafunzi anayehamia nchi ya Kiingereza, kisha tunafanya mazoezi ya sentensi za daktari: "It hurts here", "It started last night", "He ate something bad", "I need an interpreter". Hiyo ya mwisho aijue kabla ya zote.

Hatua ya 7: Sikio kabla ya jicho

Kihispania, kama Kiswahili, husomwa karibu kama kilivyoandikwa. Kwa hiyo akiliona neno kabla ya kulisikia, atalisoma kwa herufi zake: "knife" litapata k, "comb" litapata b. Kila neno jipya alisikie mara tatu, alitamke, kisha ndipo umwandikie.

Maneno ya Kihispania hayaanzi na s iliyofuatwa na konsonanti nyingine; ni "escuela", "estación", "España". Atasema "eschool" na "estop". Mwambie avute s kwa muda mrefu, "sssstop", kisha aifupishe kidogo kidogo. Huchukua siku chache tu.

Irabu ndizo ngumu, na hapa uwe mwangalifu na nafsi yako. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, sawa na zetu. "Ship" na "sheep", "full" na "fool", masikioni mwetu na mwao ni karibu kitu kimoja, na baadhi ya jozi za namna hii zikichanganywa hutoa tusi. Usitegemee mdomo wako pekee. Fungua kamusi ya mtandaoni yenye sauti, msikilize wote wawili, na wewe urudie pamoja naye.

Hatua ya 8: Marudio

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kusahau: tunayojifunza hutoroka upesi sana katika saa na siku za mwanzo, na kila marudio huipunguza kasi hiyo. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner akaeleza njia ya kuitumia elimu hiyo kwa kadi na masanduku. Neno likijibiwa sawa husogea sanduku la mbele, linalofunguliwa kwa nadra zaidi. Likikosewa hurudi la kwanza. Programu ya Anki hufanya kazi hiyo bure kwenye kompyuta na simu za Android, lakini bahasha tano na karatasi zilizokatwa zinatosha kabisa. Ratiba yangu ni kesho yake, siku ya tatu, wiki, wiki mbili, mwezi.

Mbele ya kadi pasiwe na neno la Kihispania kama inawezekana. Pawe na picha aliyoipiga mwenyewe, au sentensi yenye pengo: "The plates are in the ___." Nyuma jibu, pamoja na neno moja la kulinganisha kama lipo danganyifu.

Kila mwisho wa wiki pitieni bahasha ya kwanza pamoja. Kadi iliyorudi humo mara nne au tano ina kasoro: pengine sentensi haimhusu, pengine umeweka maneno mawili yanayofanana siku moja. Ichane muiandike upya. Na kama neno hajalihitaji mwezi mzima, hata liwe kwenye orodha ya 700, litoe, uweke lile lililomkwamisha juzi alipokuwa anaongea na mteja.